Askari wa Inchi Moja: Sanduku Lina Bunduki, Wapagazi Wako Wapi?

CHUKUA mtu wa futi 6, umpunguze mara 72, na utabaki na mtu wa inchi moja kamili. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo, msomaji mpenzi: askari mdogo wa plastiki anayeweza kusimama juu ya kifuniko cha soda na bado pakabaki nafasi ya kichaka. Ng'ambo kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, ambao huvinunua vijisanamu hivi kwa mamia, wakavipaka rangi za sare za kale na kupigana navyo vita vya mezani kwa dadu na rula. Huku kwetu mchezo huo haujulikani sana. Kwa hiyo tuliupeleka Kiandutu, mjini Thika, tukaujaribu pamoja na wanafunzi watano wa sekondari na meza moja ya kulia chakula.

Usidhani ni ule mchezo wa watoto wa kunyoosheana vijiti na kubishana nani amekufa. Huu una kanuni, una hesabu, na asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alilipa jeshi lake mchezo wa ramani, vipande vidogo, dadu na mwamuzi, ili maafisa wajifunze vita bila kumwaga damu. Raia nao hawakuchelewa kuuiga. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chake, Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni kwa mizinga midogo ya springi. Mwaka huohuo wa 1913 ndipo reli kutoka Nairobi ilipofika Thika. Mwaka uliofuata vita vya kweli vililipuka Ulaya, na havikukawia kufika huku.

Askari wa plastiki walikuja baadaye. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilikuwa ikitengeneza vitana kabla haijajulikana kwa ndege na manowari za kuunga kwa gundi. Kufikia mwaka 1959 ilianza kutoa masanduku ya askari wadogo, na tangu hapo vijana wengi wa Ulaya wamekua wakiwapanga mezani.

Hata hivyo, tusijione wageni sana katika mambo haya. Bao la Waswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni vita vitupu: unamla mwenzako, unateka mali yake, unailinda nyumba yako. Wakikuyu wana giuthi, Waluo wana ajua. Tofauti ni kwamba katika bao bahati haina nafasi, ilhali katika vita vya mezani dadu huweza kumwaibisha hata jenerali hodari. Wazee wa bao wataudharau mchezo wa namna hii, na pengine wana haki.

Sasa twende Kiandutu. Kwa msomaji asiyeifahamu Thika, huu ni mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa mji, upande wa Makongeni, wenye vijia vyembamba na nyumba za mabati. Jina lake linatokana na neno la Kikuyu ndutu, yaani funza, yule mdudu wa vidoleni. Lishike neno hilo, kwani tutalirudia.

Plastiki kama ya mtungi

Tulikuwa na masanduku mawili yaliyoletwa na jamaa aliyetoka Uingereza. Sanduku moja la askari wa kipimo hiki aghalabu huwa na watu 40 hadi 50, wote wakiwa wameshikana kwenye vijiti vya plastiki kama zabibu kwenye kikonyo. Wakate kwa kikata kucha, kisha ulainishe kovu kwa wembe. Bunduki iliyopinda usiinyooshe kwa nguvu. Ichovye katika maji ya moto, inyooshe, halafu uichovye katika maji baridi.

Kabla ya rangi, waogeshe. Ndiyo, waogeshe kwa sabuni, kwa maana plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuiwezesha kuchomoka kwenye umbo, na rangi haishiki juu ya mafuta. Lakini hata ukiosha, tatizo halijaisha. Plastiki hii laini ni ya jamii moja na ile ya mtungi wa manjano wa kuchotea maji. Umewahi kuona mtu akiziba mtungi uliopasuka kwa gundi? Hawezi. Fundi hupasha chuma moto akauyeyusha ufa ule mpaka ushikane. Vivyo hivyo, askari wa plastiki laini hapendi gundi wala rangi, na ukimkunja mguu rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Dawa yake ni kumpaka kwanza gundi nyeupe ya seremala iliyoongezwa maji kidogo, akauke, kisha rangi za maji ziende juu yake. Ukimaliza, mpake gundi hiyo mara moja tena.

Kuna askari wengine wa plastiki ngumu, ambao huja vipandevipande, mikono mbali na vichwa mbali. Wanapendeza zaidi na wanashika gundi vizuri, ila hugharimu na huvunjika. Miaka ya karibuni kampuni za Uingereza zimetoa hata watu wa milimita 12 na 13.5, ili meza ndogo iweze kubeba jeshi kubwa. Kwa mtu anayeanza, hasa katika nyumba yenye watoto wadogo, sisi twapendelea wale laini wa inchi moja. Mtoto akiwakanyaga, kitakacholia ni mguu wa mtoto.

Rangi tatu zatosha: kaki ya nguo, hudhurungi ya mwili, nyeusi ya bunduki na mikanda. Usimalize mtu mmoja baada ya mwingine. Wapange wote, uwapake wote kaki, halafu wote nyuso, halafu wote mikanda, kama mashine za kiwandani. Hapo vijana wetu waligundua jambo dogo lililowachekesha: kile kikopo cha rangi kilichoandikwa kuwa ni cha ngozi ya mtu kilikuwa na rangi ya waridi. Kikawekwa kando, hudhurungi ikachanganywa upya. Kofia ya askari wa Wajerumani, iliyosimama kama tarabushi na kuwa na kitambaa cha kufunika shingo, iliundwa kwa karatasi laini ya shashi iliyolowekwa gundi. Kila mtu akasimamishwa juu ya kifuniko cha soda kilichomwagiwa mchanga. Vifuniko vyenyewe tayari vilikuwa vimehudumu miaka mingi katika drafti.

Kilima cha Salaita juu ya meza

Vita gani? Masanduku ya madukani yamejaa Waterloo na Normandy, lakini vita vikubwa vilipiganwa hapa petu pia. Tulichagua Salaita.

Salaita ni kilima kilicho karibu na Taveta, kando ya njia itokayo Voi. Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia kwenye kilima hicho. Februari 12, 1916, Waingereza walikwenda kukikomboa, safari hii wakiwa na askari wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa katika nchi hii ya miiba na jua. Mizinga ilikipiga kilele cha kilima kwa bidii. Kumbe mahandaki hayakuwa kileleni, yalikuwa chini kwenye kitako cha kilima, nyuma ya vichaka. Waafrika Kusini walirudishwa nyuma kwa hasara, na waliookoa mambo siku hiyo ni Wabaluchi wa jeshi la India, walioshikilia mahali pao wenzao walipokuwa wakirudi.

Kilima tulikitengeneza kwa vipande vya katoni vilivyopangwa kama chapati, kubwa chini na ndogo juu. Juu ya meza tulitandaza gunia, na vichaka vikawa waya wa kusugulia sufuria uliopakwa kijani. Kanuni nazo ziliingia katika ukurasa mmoja wa daftari. Askari hutembea inchi 4 kwa zamu, inchi 2 ndani ya vichaka. Bunduki hufika inchi 18. Kila anayepiga hutupa dadu moja: 5 au 6 amelenga. Aliyelengwa akiwa ndani ya handaki, ni 6 pekee. Mwanafunzi ataona mara moja maana yake. Watu 12 wakipiga walio uwanjani, kwa wastani huangusha 4. Wakipiga walio handakini, huangusha 2. Handaki moja ni sawa na kulipunguza jeshi la adui nusu.

Kanuni tamu kuliko zote ni hii: kabla ya mchezo kuanza, mwenye kulinda huandika kwa siri katika karatasi mahali mahandaki yake yalipo. Mwenye kushambulia naye hutaja mahali mizinga yake itakapopiga. Kijana aliyeshika upande wa Waingereza alikitazama kile kilima, akatabasamu, na kwa zamu 3 mfululizo akakimiminia kilele makombora yote. Hakuna aliyemweleza habari za mwaka 1916. Ile karatasi ilipofunguliwa, nyumba nzima ilicheka, naye akacheka pia, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Ni hapo, wakati wa kupanga mchezo wa pili, msichana mmoja alipouliza swali ambalo masanduku yale mawili hayakuwa na jibu lake. Askari hawa wote, alitaka kujua, wanakula nini? Na maji yao yameletwa na nani?

Wasiokuwamo sandukuni

Tulipekua masanduku yote. Mlikuwa na mwenye bunduki aliyesimama, mwenye bunduki aliyepiga goti, mwenye bunduki aliyelala kifudifudi, afisa mwenye bastola na mpiga tarumbeta. Mpagazi hakuwamo.

Na bila mpagazi, msomaji, vita vya Afrika Mashariki haviwezi kuelezwa. Reli zilikuwa chache, barabara za magari karibu hazikuwapo, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Kila risasi, kila kibaba cha unga, kila kitanda cha afisa kilibebwa na mtu. Waingereza waliunda kikosi chao cha wapagazi kilichosimamiwa na Oscar Watkins, na jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, likageuka midomoni mwa watu likawa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Leo watu huenda Kariokor kununua vyondo na kula nyama choma, na sidhani wengi wao hukumbuka kwamba wanataja jina la jeshi.

Mwanzoni wengine walijiunga kwa mshahara. Baadaye, hasa mwaka 1917, serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa katika wilaya, na machifu wakatakiwa kutoa idadi ya wanaume. Wakikuyu wa nyanda hizi za Kiambu na Murang'a walichukuliwa kwa wingi, wakateremshwa kutoka kwenye baridi yao hadi mabonde ya joto ya kusini ya Tanganyika, kama vile Rufiji. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliouawa na tumbo. Mara nyingi unga wa mahindi waliopewa ulikuwa umesagwa vibaya, na baada ya mwendo wa siku nzima hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva.

Hesabu za serikali yenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi, huenda ikakaribia 100,000. Aprili 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Walionusurika nao walirudi wakakuta kipande kinawangoja. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na vita vilipokwisha kila mwanamume Mwafrika akaanza kukining'iniza shingoni.

Jambo hilo si la mbali kwa watu wa Thika. Uliza nyumbani kwenu. Yawezekana babu ya babu yako alikwenda huko, na yawezekana katika ukoo kuna jina lililokoma mwaka 1917 bila kaburi.

Basi tukaamua kuwatengeneza. Chagua askari anayetembea, umkate bunduki kwa wembe, na ukate pia mkoba wa risasi kiunoni. Mzigo ni punje ya maharagwe iliyofungwa kwa karatasi ya kaki na uzi, ikabandikwa kichwani kwa gundi. Mkono mmoja uchovye katika maji ya moto, uuinue ushike mzigo. Kaptura badala ya suruali, miguu mitupu, na blanketi begani la rangi ya majivu. Jioni moja ilitosha kupata wapagazi 24.

Hesabu inayotisha

Tulipokuwa na wapagazi, tulihitaji kanuni zao. Hapa ndipo mchezo ulipogeuka kutoka burudani ukawa kitu kingine, nami nakuomba uchukue kalamu.

Tuseme mpagazi hubeba mzigo wa ratili 50, yaani karibu kilo 23, na kila mtu hula ratili 2 kwa siku. Mzigo wake basi ni posho ya siku 25. Lakini mpagazi naye ni mtu, naye hula. Jeshi likiwa mwendo wa siku 5 kutoka kwenye reli, atakula posho 5 akienda na 5 akirudi, na kuwafikishia askari posho 15. Ukitaka kulisha askari 10 kila siku, unahitaji wapagazi 7 njiani. Hapo si vibaya.

Sogeza jeshi mbele mpaka mwendo wa siku 10. Sasa mpagazi hula posho 20 njiani, akafikisha 5 tu. Ili askari 10 wapate posho 10 kila siku, wapagazi 2 lazima wafike kila siku, na kila mmoja huchukua siku 20 kwenda na kurudi. Unahitaji wapagazi 40. Umeongeza njia mara 2, wapagazi wameongezeka karibu mara 6.

Sogeza tena siku 2 tu, ziwe 12. Mpagazi hula 24, hufikisha 1. Sasa askari wale wale 10 wanahitaji wapagazi 240. Siku ya 13 hakuna kitu kinachofika kabisa. Mpagazi amekula mzigo wote na bado hajarudi.

Ni kweli kwamba vitani kulikuwa na maghala njiani, magari machache, na chakula kilichonyang'anywa wanavijiji, kwa hiyo mambo hayakwenda sawasawa na daftari letu. Lakini mkazo ulikuwa uleule.

Tulichora njia ya miraba 10 kwenye karatasi ndefu, reli upande huu, Rufiji upande ule. Mbele kabisa tuliweka askari 12. Wapagazi walikuwa wale 24. Fanya hesabu: kwa posho kamili wapagazi 24 huwafikishia askari posho 6 kwa siku. Nusu ya jeshi itakufa njaa. Mchezaji afanyeje?

Kanuni zilimpa njia. Aweza kumpa mpagazi nusu posho. Hapo mpagazi hula 10 tu katika siku 20, hufikisha 15, na wapagazi wale wale 24 huleta posho 18 kwa siku. Askari wote 12 wameshiba na akiba ipo. Gharama yake ni dadu. Kila safari ikiisha, kila mpagazi aliyekula nusu hutupiwa dadu moja, na akipata 1 au 2 ameugua, anaondolewa mezani. Aliyekula posho kamili huondolewa kwa 1 pekee, maana malaria haiulizi umeshiba au la.

Kijana wa kwanza alichagua nusu posho bila kusita. Tusimlaumu, namba ndizo zilizomshawishi, na wanaume wale walikuwa ni plastiki. Safari ya kwanza ilimwondolea wapagazi 8, wakabaki 16, ambao bado waliweza kulisha askari wote 12. Akaona mambo ni mazuri. Safari ya pili wakabaki 11, na askari 4 wakakosa chakula. Safari ya tatu wakabaki 7. Hakuwa amefyatua hata risasi moja.

Msichana yule aliyeuliza swali alicheza baada yake, naye akafanya jambo ambalo sisi wenye kuandika kanuni hatukulitazamia. Aliwarudisha askari wake wote hadi mraba wa tano, akawapa wapagazi posho kamili, na akakaa. Kwa mwendo wa siku 5 wapagazi 8 tu walitosha kuwalisha askari 12. Wenzake walimpigia kelele kwamba hashambulii, kwamba anaogopa. Yeye akajibu kwamba jeshi lake lina shibe. Kwa kanuni tulizoandika alishindwa, kwa sababu hakufika Rufiji.

Jenerali Jan Smuts, aliyechukua uongozi wa majeshi ya Waingereza Februari 1916, hakurudi mraba wa tano. Alitaka kumbana Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na kuvimaliza vita upesi. Agosti mwaka huo alikuwa Morogoro, na mwanzoni mwa Septemba Dar es Salaam ikatekwa, lakini Lettow-Vorbeck aliendelea kukwepa kusini, naye akibebewa mizigo na Waafrika waliolazimishwa vilevile. Hakuweka silaha chini mpaka Novemba 25, 1918, huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla.

Na funza? Mdudu huyu si mwenyeji. Aliletwa Angola kwa meli kutoka Amerika ya Kusini karibu mwaka 1872, akavuka bara kwa misafara, na kabla ya karne kwisha alikuwa amefika pwani ya mashariki. Katika vita hivyo aliwalemaza wengi, weupe kwa weusi, kwa kuingia vidoleni. Vijana wa Kiandutu walisisitiza awemo katika kanuni. Kwa hiyo dadu mbili zikionyesha 6 na 6, mpagazi hutembea nusu mwendo mpaka atakapotolewa funza, na anayemtoa hupoteza zamu moja. Katika mtaa wenye jina hilo, ilikuwa vigumu kukataa.

Kwa wazazi

Bila shaka kuna mzazi anayesoma haya akijiuliza kama ni vyema kumpa mtoto vita vya kuchezea. Ni wasiwasi wa haki. Mchezo unaokupa bunduki tupu waweza kweli kumfunza mtoto kwamba vita ni kelele na ushindi. Lakini binafsi naona kijana aliyekaa na daftari, akahesabu posho za wapagazi 24 na kuona wanavyopungua, amesoma ukurasa ambao vitabu vingi vya shule huupita kwa sentensi moja. Ila usiwaache watoto chini ya miaka 8 na wembe au vipande vidogo, na gundi itumike dirisha likiwa wazi.

Kama huna jamaa ng'ambo, usingoje masanduku. Wale askari wa kijani wa inchi 2 wanaouzwa katika pakiti za vitu vya kuchezea hutosha. Ongeza tu vipimo vyote mara 2. Mpagazi waweza kumtengeneza kwa waya mwembamba na uzi, naye hupendeza kuliko wa plastiki. Na ukifika Nairobi, teremka hadi barabara ya Kenyatta uzitazame zile sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928. Mmoja ni askari wa Keya, mmoja ni mpiganaji Mwarabu, na wa tatu ni mpagazi. Tazama anavyosimama, kisha uje umchonge vivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni la kanuni. Wapagazi 24 wakifanana, mwamuzi hushindwa kujua ni nani aliyekula nusu na nani aliyekula kamili. Tulikuwa tumependekeza namba. Vijana wakaandika majina, kwa kalamu nyeusi, ndani ya kila kifuniko cha soda: Kamau, Mutua, Otieno, Njoroge, Juma, na kuendelea hivyo mpaka 24. Andika kabla ya kumbandika mtu, kwani baadaye mkono haufiki. Wakikauka, watunze katika trei ya mayai, kila mmoja shimo lake, na juu ufunike kwa trei nyingine. Trei moja ya mayai 30 huwatosha wapagazi wote, na mashimo 6 yanabaki kwa ajili ya dadu na uzi.